Mwamba wa Kuhe

Jumapili moja, mkutano wa vijana ulipokwisha, mmoja wenu alitufuata chini ya mwembe wa parokia akiwa na simu mkononi. Akatuomba tutazame filamu fupi. Ndani yake Mmarekani mmoja amesimama mbele ya mashua yenye mota kubwa, anapambana na samaki. Akamvuta, akamwinua kwa mdomo, akamchekea kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea, kisha akamtia katika tangi la maji lililo ndani ya mashua. Baadaye samaki watano wakapimwa kwenye mizani mbele ya umati, watu wakapiga makofi, na samaki wote wakarudishwa ziwani wakiwa hai. "Mwalimu," kijana akauliza, "watu hawa wameshiba namna gani hata wanavua samaki wasiowala?" Wenzake walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka benchi. Nasi tulicheka. Lakini usiku ule hatukulala upesi, kwani filamu ile ilituamshia jambo la zaidi ya miaka thelathini, ambalo hatukupata kumsimulia mtu isipokuwa mama wa nyumba yetu.

Tulimwahidi kijana yule jibu. Hili ndilo, ingawa limechelewa, na ingawa sehemu yake kubwa haiwahusu Wamarekani.

Tuanze nao hata hivyo, ili tusiwacheke bure. Samaki yule huitwa bass, wa mdomo mkubwa, na kwao ana heshima kuliko samaki wengi walio wakubwa kumpita. Mwaka 1967 mtu aliyeitwa Ray Scott, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza bima, aliwakusanya wavuvi kwenye ziwa Beaver, katika jimbo la Arkansas, washindane kwa uzito wa samaki. Mwaka uliofuata akaunda chama. Mwaka 1971 mashindano makubwa ya mabingwa yakafanyika kwa mara ya kwanza katika ziwa Mead. Mwanzoni samaki waliopimwa walikufa, na watu wakaanza kunung'unika kwamba wavuvi hao wanamaliza maziwa. Ndipo, tangu mwaka 1972, Scott akawafundisha wavuvi wake kuwarudisha samaki hai, na leo anayeleta samaki mfu mezani hukatwa sehemu ya uzito wake. Mvuvi wa namna hiyo hufuata majira kama sisi tunavyoufuata mwezi: Februari yuko kusini, Florida, ambako maji hupata joto mapema na samaki huanza kutaga, kiangazi yuko kaskazini, kwenye maziwa makubwa, na majani ya miti yakianza kugeuka rangi, wengi wao huweka fimbo ukutani, hushika bunduki au upinde, na kuingia msituni kumtafuta kulungu wa kwao. Kwa kila moja ya kazi hizo hununua kibali chenye hesabu na tarehe. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1937 bunduki na risasi, na tangu mwaka 1950 vyombo vya uvuvi, hutozwa ushuru unaorudi kutunza wanyama na maji.

Jambo moja lilitupendeza kuliko yote. Bass mzito kuliko wote wa nchi ile, kilo 10 na kidogo, alivuliwa mwaka 1932 katika jimbo la Georgia na kijana mkulima, George Perry, wakati wa shida kubwa ya uchumi. Samaki huyo hakurudishwa majini. Alipimwa, akapelekwa nyumbani, akapikwa. Basi hata kwao njaa ilikuwapo mezani kabla ya mchezo.

Sasa tuje kwetu.

Mwaka 1990, nchi yetu ikiitwa bado Zaire, tulimaliza masomo ya ualimu na kupata diploma ya serikali. Tulikuwa na umri wa miaka ishirini, suruali moja ya kitambaa kizuri, na ahadi kwamba shule ikihitaji mwalimu tungeitwa. Tulingoja mwaka mzima. Baba mdogo alikuwa mvuvi na mwindaji katika kijiji kilicho kando ya ziwa Tanganyika, kati ya Kalemie na Mpala. Akatuma neno kwa mtu wa mtumbwi: "Mwenye diploma aje huku. Samaki hawaulizi karatasi."

Tulifika mwezi wa Agosti, milima ikiwa inawaka. Wakati huo nyasi zimekauka, na watu huzichoma ili kuwafukuza simbilisi kutoka maficho yao. Baba mdogo alikuwa na mbwa wawili wadogo wenye masikio ya kusimama, mbwa wasiobweka, ambao walifungwa kengele za mti shingoni ili ijulikane wako wapi ndani ya majani. Wanaume walitandaza nyavu upande mmoja, vijana walipiga kelele upande mwingine, na simbilisi walitoka mbio kati ya moshi na mbwa. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kubeba. Ya pili, baada ya wiki mbili, ilikuwa kusimama nyuma ya wavu na rungu, na tuseme ukweli, mara tatu za kwanza tulipiga ardhi. Baba mdogo alikuwa na desturi iliyowaudhi wenzake: kila mwaka aliacha sehemu moja ya bonde bila kuchomwa. Waliponung'unika alisema, "Hapo ndipo watakapozaliwa wa mwaka ujao." Sheria ya uwindaji ya nchi yetu, ya tarehe 28 Mei 1982, inadai kibali na inaweka majira ya kufunga, lakini katika bonde lile hakuna aliyewahi kuiona, wala sisi tuliokuwa na diploma. Sheria iliyofahamika ilikuwa ile ya mzee aliyekataa kuchoma.

Mvua zilipoanza, kumbikumbi wakaruka, tukawala, na mambo ya mlimani yakaisha. Tangu hapo tulikuwa watu wa usiku.

Wale waliozaliwa mbali na ziwa wanahitaji maelezo kidogo. Ndakala hukaa chini mchana, na usiku hupanda wakivutwa na mwanga. Basi mitumbwi miwili huunganishwa kwa miti, wavu mpana hushushwa kati yake, na taa za karabai huwashwa juu ya maji. Siku hizi mnatumia taa za betri. Zamani tulipampu karabai mpaka vidole vinaungua. Ndakala wakikusanyika chini ya mwanga, wavu huvutwa na watu wote pamoja, kwa wimbo, na nyuma ya ndakala huja mikebuka waliowafuata ili kuwala. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa haufui dafu mbele yake, samaki hutawanyika, na kijiji chote hulala. Chini ya mtumbwi, maji yanashuka hadi mita 1,470 mahali pa kina kuliko pote, na sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya kumwezesha samaki kuishi. Samaki wote tunaowapigania wanakaa katika ngozi nyembamba ya juu. Hilo hatukulijua wakati ule. Tulidhani ziwa lote limejaa.

Kijijini kulikuwa na mashindano ambayo hakuna aliyeyaandika. Kila alfajiri mabeseni ya kikosi chetu yalihesabiwa pamoja na mabeseni ya kikosi cha ng'ambo ya kijito. Akina mama waliokuja kununua walijua kutia chumvi katika kidonda: "Leo waume zetu wa upande huu wameota ndoto ya samaki!" Mwezi ulipokuwa mkubwa na nyavu zimeanikwa, mashindano yaliwahamia vijana. Kila mmoja alitoka na mshipi na ndoana kutafuta sangala au kuhe, na aliyerudi na samaki mrefu kuliko wote alichonga alama ya urefu huo kwenye kasia lake. Walioshindwa walimbebea nyavu mpaka mwezi mwingine.

Sisi tulibeba nyavu miezi mitano mfululizo. Tulikuwa na jina: Diploma. "Diploma, chukua kamba." "Diploma, tusomee upepo." Hakuna aliyetuchukia, na hilo ndilo lililouma. Mtu akikuchukia unaweza kupigana naye.

Karibu na kijiji, mwendo wa nusu saa kwa kasia, pana mwamba unaokaribia kutokeza juu ya maji, na pembeni yake mchanga mweupe. Maji ya ziwa letu ni safi, mnajua, hata mtu aweza kuona mbali sana kwenda chini asubuhi isiyo na upepo. Mwezi wa Machi baba mdogo alitupeleka pale, akaliacha kasia, akatuambia tutazame. Chini palikuwa na kuhe wawili, wakubwa, wa rangi ya dhahabu iliyofifia yenye madoa meusi. Kati yao palikuwa na kitu kama moshi. Tulipozoea kutazama tukaona kwamba moshi ule ni makinda, mamia kwa mamia, na kwamba baba na mama wanawazunguka bila kupumzika, mmoja huku na mwingine kule. Samaki wadogo wa mwambani walikuwa wanakaribia, nao wanafukuzwa. Wanakaribia tena, wanafukuzwa tena. "Hapa hatutupi ndoana," baba mdogo akasema. Hakueleza zaidi. Alikuwa mtu aliyeona kwamba kueleza mara ya pili ni kumtukana msikilizaji.

Siku nne baadaye mwezi ulikuwa unaanza kupungua, na usiku uliofuata taa zingewashwa tena. Alama ya juu kuliko zote ilikuwa kwenye kasia la kijana mmoja wa ng'ambo, mwenye kicheko kikubwa. Tulitoka kabla ya mapambazuko, peke yetu, kwa mtumbwi mdogo. Tungeweza kuwaambia kwamba tulipotea njia. Hatukupotea. Kichwa chetu kilikuwa kimejaa hesabu ya nyavu, na mikono ilipiga kasia moja kwa moja mpaka mwambani.

Kuhe mwenye makinda havuliwi kwa ufundi. Hili ndilo lililotuaibisha baadaye kuliko yote. Tulishusha ndakala kwenye ndoana, naye kuhe wa kwanza akaja mara moja, si kwa sababu ya njaa, bali kuondoa kitu kilichowasogelea watoto wake. Akakiuma ili kukipeleka mbali. Tukamvuta. Alipigana vizuri. Wa pili alizunguka mahali pale pale, kwa kasi, akijaribu kufanya kazi ya wawili. Tukashusha ndoana tena.

Mkubwa alizidi alama zote za kasia. Tulipofika ufukweni vijana walitubeba begani, na yule wa ng'ambo, ambaye alikuwa mtu mwema, alikuja kuchukua nyavu zetu bila kuambiwa. Baba mdogo alitoka nyumbani, akawatazama samaki wawili waliolala pamoja, akauliza jambo moja tu: "Umewatoa wapi?" Tukajibu, "Kwenye maji marefu, baba." Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Jioni mama mdogo alipika, samaki wakanukia nyumba nzima. Baba mdogo alinawa mikono, akakaa nasi, akala ugali na mboga.

Kesho yake asubuhi alitwambia tupande mtumbwi. Hakusema tunakwenda wapi. Tulipofika mwambani akaliacha kasia kama mara ya kwanza. Moshi haukuwapo. Samaki wadogo wa mwambani walikuwa wametapakaa juu ya mchanga, wanadonoa huku na huku, watulivu kabisa, kama kuku katika uwanja ambao wenyeji wamehama. Tulikaa pale muda mrefu. Mwishowe akasema, "Umeshinda, mwana," akashika kasia, tukarudi.

Mwezi wa Mei upepo wa kusi ulianza. Unatoka kusini, unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda yakileta chakula ambacho mwani hutumia kukua. Viumbe vidogo hula mwani, ndakala hula viumbe hao, na sisi tunawala ndakala. Wataalamu walioandika mwaka 2003 walionyesha kwamba ziwa limepata joto, kwamba maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na kwamba chakula hicho kimepungua. Hatusemi hivyo ili kupunguza lawama ya ndoana, wala ya nyavu za mbu ambazo wengine wenu mnazikokota pwani mkidhani hatuoni. Lakini anayewaambia kwamba samaki wamepungua kwa kosa la mvuvi peke yake amesoma nusu ya kitabu.

Septemba 1991 tuliitwa kufundisha darasa la tatu la msingi. Tuliondoka bila kumwambia baba mdogo ukweli ambao aliujua. Tulijiahidi tungerudi likizo ya kwanza. Likizo ya kwanza hatukuwa na nauli, ya pili tulikuwa na mtoto mchanga, na baadaye ikaja vita. Tuliporudi, kaburi lake lilikuwa limeota majani.

Sasa, kijana uliyeuliza swali: wale wa filamu yako nao wana mwamba wao. Bass dume ndiye anayelinda mayai na makinda, na wakati huo huuma chochote kinachokaribia, kwa sababu ile ile ya kuhe wetu. Katika mashindano ya majira ya kutaga, wavuvi humwona kwa macho, humtoa kwenye kiota, humpeleka mizanini na kumrudisha hai, mahali pengine mbali na alipovuliwa. Wataalamu wa kwao wameonyesha kwamba dume akiondolewa, hata kwa muda mfupi, samaki wadogo huingia na kula mayai. Jirani yao Kanada, katika sehemu nyingi za jimbo la Ontario uvuvi wa bass hufungwa majira ya kutaga kwa sababu hiyo. Basi wanaorudisha samaki hai nao wanabishana wao kwa wao, na ubishi wao ni ule uliokuwa kati yetu na baba mdogo ndani ya mtumbwi, isipokuwa wao wanausema kwa sauti.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa letu zimekubaliana kulifunga miezi mitatu kwa mwaka, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Amri iliposomwa, tulikuwa wa kwanza kuisifu katika mkutano. Tulisema maneno mazuri juu ya samaki kupumzika. Mama mmoja mchuuzi wa ndakala, mwenye watoto sita, alisimama mwishoni mwa ukumbi. "Mwalimu," akasema, "samaki wanapumzika, nimesikia. Na watoto wangu, wapumzike namna gani?" Hatukuwa na jibu. Hata sasa hatuna jibu zuri. Tunaamini ziwa lapaswa kufungwa. Tunaamini vilevile kwamba anayefunga ziwa bila kufungua ghala amemtwika maskini mzigo wa wote, na kwamba kijana anayekamatwa usiku wa Juni na beseni moja la ndakala hafanani hata kidogo na sisi wa mwaka 1991. Yeye alikuwa na njaa. Sisi tulitaka kubebwa begani.

Mwaka 2024, baada ya ziwa kufura na kuingia katika nyumba za watu wa Kalemie, tulitaka kujua kama mwamba ule bado waonekana. Ziwa lilipofunguliwa mwezi wa Agosti, siku chache baada ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tulikwenda pale na vijana sita. Ufuko tuliotua na kuhe wawili ulikuwa umefunikwa na maji. Mwamba ulikuwa chini zaidi kuliko tulivyoukumbuka, au macho yetu ndiyo yaliyozeeka. Tuliacha makasia. Mchanga ulionekana mweupe, mtupu, na samaki wadogo wa mwambani wakipita. Kisha mmoja wa vijana akanyosha kidole upande wa kivuli, akasema anaona kitu kinachozunguka. Wengine walisema ni kivuli cha mtumbwi.

Kijana wa simu alikuwa ameshika mshipi tayari. "Nitupe, Mwalimu?" akauliza.

"Ngoja kwanza," tukamwambia, nasi tukainama tena kutazama.